Sketi za Siku ya Uhuru

Mshono wangu haufumuki. Kwa maneno hayo nimejigamba tangu nikiwa fundi mdogo Tanga, na nilipohamia Johannesburg nilikuja nayo pamoja na mkasi wangu. Nguo niliyoishona mimi itapauka, itachakaa, itambana mwenyewe akinenepa, lakini haitaachia. Kila mahali panapovutwa napapitishia cherehani mara mbili, na mwisho wa mshono narudi nyuma kidogo kuufunga uzi. Mafundi wanaopitisha mara moja na kusema "tayari, mama" nilikuwa nawasema hadharani, tena kwa sauti. Siku hizi nimenyamaza. Kuna mwanamke anayechechemea hapa mtaani kwetu, Hillbrow, kwa sababu mshono wangu haukufumuka.

Nasema "kwa sababu" nikijua kwamba mwenyewe akinisikia atanigombeza. Nitafika huko.

Mimi na mwanamke huyo tunatumia chumba kimoja cha biashara, chini ya ghorofa ambalo lifti yake ilikufa zamani. Mimi na cherehani zangu tuko upande wa ukutani. Yeye, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, anasuka nywele upande wa mlangoni, kwenye mwanga. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Nywele zake za bandia zilikuwa zinapeperuka na kunasa kwenye nguo za wateja wangu, na mimi subira sikujaliwa. Nikamwambia atafute pa kwenda. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili zangu, akasema, "Mama fundi, Kiswahili yako ni ya muzuri sana. Juu ya nini unaitumia kwa matusi?" Nikacheka, na ukishacheka hasira hairudi. Tangu siku hiyo chai tunakunywa pamoja, na ufunguo wa chumba anakaa nao yeye, maana mimi ni mpotezaji.

Ni mrefu, na hutembea kama mtu anayetazamwa hata akienda kumwaga takataka. Nguo humkaa. Fundi yeyote anaijua furaha ya kupata mwili wa namna hiyo. Hata kitambaa cha ovyo ukimkatia yeye kinaonekana cha maana. Wateja wake wa kusuka walikuwa wanatoka kwenye kiti chake wanahamia kwangu, wanasema, "Nishonee kama hiyo aliyovaa." Kwa hiyo nilimshonea kwa mapenzi, na kwa biashara pia.

Mwaka jana vita vya kwao vilikuwa vimewaka upya. Simu yake ilikuwa haipumziki. Dada yake alikuwa kambini, shangazi yake hajulikani alipo, na video alizotumiwa alikuwa anazitazama kwa jicho moja huku vidole vinaendelea kusuka. Hapa mjini kuna kampuni kubwa ambayo watu walisema inanunua madini ya huko bila kuuliza nani anashika bunduki mlangoni pa shimo. Wakongo wa Johannesburg wakapanga kuandamana hadi kwenye ofisi zake, na siku waliyochagua ni siku ya uhuru wa nchi yao.

"Uhuru walitupatia bendera na wimbo," aliniambia. "Mashimo wakabakia nayo. Sasa tunaenda kuuliza ile ingine iko wapi."

Sasa, neno maandamano, Mkongo halisikii kama anavyolisikia mtu wa Soweto. Mtu wa Soweto akilisikia anatafuta raba zake na kitambaa cha kujifunga puani. Mkongo, hasa mwanamke, akilisikia anatafuta fundi. Kwao, siku ya wanawake, siku ya uhuru, siku ya mgeni mkubwa, watu hupita mbele ya wakubwa kwa mistari, kila kundi na kitenge chake, vitambaa vya kichwa vimesimama, viatu virefu vinagonga lami. Hiyo wanaiita defile. Wamekulia humo tangu shule ya msingi. Kwa hiyo kamati ya wanawake ilipoingia chumbani kwetu haikuja kuuliza habari ya polisi. Ilikuja na majora ya kitenge begani na picha za mishono kwenye simu.

Kitenge chenyewe kilikuwa cha buluu, kimejaa ndege wakubwa wa rangi ya chungwa, mabawa wazi. Nilikipenda mara moja. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa msemaji wa kamati kwenye mambo ya nguo. Alisimama katikati ya chumba akajishika kiunoni, nyongani, halafu gotini.

"Ikamate hapa, ikamate hapa, na hapa ikamate zaidi."

"Mtatembeaje?"

"Pole pole. Hatuendi kupigana, mama fundi. Tunaenda kuonekana. Hawa batu wa kampuni wakichungulia kwa dirisha waseme, kumbe hawa ni mamama benye heshima. Wasiseme ni bakimbizi."

Sketi ya kubana hivyo huwa na mpasuo nyuma. Bila mpasuo mguu haufunguki. Nilianza kukata ya kwanza na mpasuo wake, kama kawaida, nikaona mkasi unapita katikati ya mgongo wa ndege. Bawa moja huku, bawa moja kule. Roho ikaniuma. Nikalilaza lile pande mezani nikalitazama, nikaona kwamba nikiufunga mshono wa nyuma mpaka chini, ndege atatulia mzima juu ya makalio ya mwenye nguo, mabawa yanazunguka nyonga. Ingekuwa sketi ambayo watu wangeizungumza mpaka Kinshasa. Nikamwita rafiki yangu, nikamwonyesha.

"Bila mpasuo?" akauliza.

"Bila. Mpasuo wenyewe una heshima gani? Na ndege atakatika."

Niliongeza hilo la heshima kwa sababu nilijua litamgusa. Akapitisha mkono juu ya yule ndege, akasema iko bien, yaani sawa. Kamati yote ikafuata, maana kwenye nguo neno lake ndilo la mwisho, na neno lake siku ile lilikuwa langu.

Mlangoni kwetu hukaa mama mmoja wa Soweto anayeuza magwinya, yale maandazi yao makubwa. Umri wake umekwenda. Alikua enzi za makaburu, na mambo ya kukimbizwa na polisi ameyajua kabla hajajua kuchemsha mafuta. Aliona sketi zimetundikwa ukuta mzima, zimepigwa pasi, akauliza harusi ni ya nani. Sisi wawili huongea Kiingereza cha kuungaunga, Kizulu chake kikijaza mapengo.

"Si harusi. Ni maandamano."

Akashika moja, akaingiza mikono miwili chini kwenye pindo, akajaribu kuitanua. Haikutanuka.

"Eish, sisi," akaniita, yaani dada kwa lugha yake. "Hawa watakimbiaje?"

"Hawaendi kukimbia."

"Hakuna anayekwenda kukimbia. Waambie wavae takkies, zile raba. Na hii uifungue hapa nyuma."

Niliudhika. Nilimwona mtu wa mafuta na unga anayenifundisha kazi yangu. Jioni nilimsimulia rafiki yangu, lakini ubaya ulikuwa kwenye namna nilivyomsimulia. Nilisimama katikati ya chumba, nikamwigiza mama magwinya na sauti yake, nikasema anataka muandamane na raba kama timu ya mpira. Rafiki yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Onyo lilimfikia, siwezi kusema nililificha. Lilimfikia likiwa mzaha, na aliyeligeuza mzaha ni mimi.

Siku yenyewe ilikuwa baridi ya kukausha midomo, baridi ya Juni ya huku ambayo jua linawaka na vidole vinakufa. Walikusanyika Newtown, karibu na katikati ya mji. Mimi si Mkongo, na kwenye mambo ya siasa nilikuwa na msimamo wa wageni wengi: funga domo, fanya kazi, tuma nyumbani. Karatasi zangu za ukaazi nazo zilikuwa zinasubiri kufanywa upya. Lakini nilifunga duka nikaenda. Nilijiambia naenda kumsindikiza mwenzangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutazama sketi zangu.

Na zilipendeza. Hakuna hata mmoja aliyevaa koti. Walikubaliana hivyo, ili sare isifunikwe, na walikuwa wanatetemeka huku wanatabasamu. Wanaume mbele na mabango, wanawake nyuma yao kwa mistari, hatua fupi, wote pamoja, na kila walipotupa mguu wale ndege walikuwa kama wanajitikisa. Watu walitoka madukani kupiga picha. Madereva wa teksi walipiga honi. Mimi nilikuwa nafuata pembeni juu ya njia ya miguu, na dera langu na sweta juu yake, nikasikia mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake nani amewashonea. Nilitaka kujibu. Nilijivuna kiasi kwamba baridi sikuisikia.

Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, pale njia inapoingia kwenye ofisi zile, polisi walikuwa wamefunga njia. Afisa mmoja akasema kwa kipaza sauti kwamba kibali kinaishia pale. Viongozi wakatoa karatasi yao, wakaonyesha kwamba kinaendelea mpaka mlangoni pa kampuni. Wakabishana. Nyuma watu wakaendelea kuimba, na wa nyuma kabisa, ambao hawakuona kinachoendelea, wakaendelea kuja, hivyo walio mbele wakawa wanasukumwa kidogo kidogo. Hakuna aliyerusha jiwe. Nilikuwa pale na macho yangu mawili. Afisa akasema tena maneno mawili matatu, halafu nikasikia mshindo, na gari la maji likaanza.

Maji yale yalikuja meupe, yakawapiga waliokuwa mbele vifuani wakawaangukia wenzao. Baada yake ikaja milio ya risasi za mpira. Wanaume wakatoka nduki. Waliruka vizuizi, walipita kati ya magari, mabango yakabaki chini. Na wanawake wakageuka nao wakimbie.

Nilichokiona hapo sikitoi kichwani. Wanawake wote wale, wenye ndege mgongoni, wanakimbia kwa hatua za shibri moja moja, kama waliofungwa kamba magotini. Wengine walivua viatu. Wengine walijaribu kuipandisha sketi, lakini ilikuwa imeloa, imenata, na mimi nilikuwa nimeibana nyonga vizuri. Mmoja akaruka kama anayeshindana kwenye gunia. Polisi hawakuhitaji kukimbia kuwafikia. Walitembea.

Rafiki yangu alikuwa upande wangu. Alifika kwenye ukingo wa njia ya miguu, ukingo wa kawaida tu ambao mtoto anaupanda, akainua mguu, mguu ukagoma. Akainama, akaishika sketi nyuma kwa mikono miwili, kwenye pindo, pale ambapo mpasuo ungekuwapo, akavuta. Nilimwona anavuta. Nilimwona anakaza meno. Mshono haukufumuka. Akainua uso akaniona.

Mkasi mdogo nilikuwa nao kwenye pochi, siachani nao. Kati yangu na yeye hapakuwa na mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga hatua chache, kuinama, na kukata mara moja. Badala yake nilikusanya dera langu mkononi nikakimbia. Dera ni nguo pana, unaweza kukimbia nalo mpaka Tanga. Nyuma yangu nikasikia mlio mwingine wa bunduki, wa karibu, na sauti ya rafiki yangu, na sikugeuka.

Wapita njia walikuwa wamejaa mjini, na polisi hawakupata taabu ya kuchagua nani aliandamana. Waliwafuata ndege wa rangi ya chungwa. Hata waliofanikiwa kufika kwenye stendi ya teksi walitolewa ndani ya magari kwa kitenge chao. Mimi mwenye dera niliulizwa na polisi mmoja nilikokuwa naenda, nikasema nyumbani, akanipisha.

Wengi waliokamatwa waliachiwa. Rafiki yangu hakuachiwa, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imelowa maji ikawa haisomeki, na walisema hawana namna ya kujua yeye ni nani. Goti lake lililopigwa risasi ya mpira lilitibiwa juu juu, halafu akapelekwa kwenye kituo cha nje ya mji wanakowekwa watu wa kurudishwa kwao. Kurudishwa kwao maana yake ni Bukavu, na Bukavu wakati ule ilikuwa haina hata ndege inayotua. Kila siku nilifungua duka nikiwa na hofu moja: leo atapandishwa gari.

Sikwenda kumwona. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ya kweli: mgeni mwenye karatasi zinazosubiri haendi kubisha mlango wa mahali kama pale. Aliyekwenda ni mama magwinya, mwenye kitambulisho chake cha nchi. Alipanda teksi mbili na mguu wake wa gauti, mkononi kabeba pilau niliyopika mimi na magwinya aliyokaanga yeye. Aliporudi akakaa kwenye kreti lake mlangoni.

"Yuko sharp, yuko sawa. Goti limevimba. Kakupa salamu."

"Kasemaje?"

"Kasema, mwambie fundi mshono wake ni mzuri."

Nilikwenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikalia. Nilijua amenihukumu, na amenihukumu kwa haki, tena kwa adabu ya kwao. Wiki zile zote nikifika kwenye mshono wa pili nilikuwa nasimamisha cherehani. Wateja waliniuliza kama naumwa. Mwanamke wa kamati alikuja kunipa pole, mimi, eti anajua tuko kama ndugu. Nilitamani anitukane.

Wakili mmoja wa kujitolea alipata nakala ya karatasi ya rafiki yangu na akamtoa. Alirudi siku ya upepo, vumbi la Agosti linapita mlangoni, kakonda, anatembea kwa gongo. Alikuwa bado na ile sketi. Ameivaa siku zote alizokuwa ndani, ameifua usiku na kuivaa mbichi, ameilalia sakafuni. Buluu ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Aligeuka taratibu ili nione nyuma.

"Ona," akasema. "Hata uzi moja haijatoka. Wale mamama wa ndani waliniuliza fundi ni nani. Nikasema, nikitoka nitawaleta. Mama wa magwinya hakukuambia?"

Aliniambia. Mimi ndiye niliyesikia kesi mahali palipokuwa na sifa. Au vyote viwili vilikuwamo. Mpaka leo sina hakika, na yeye hawezi kukusaidia kwa hilo, ni mtu wa kutania na uso mkavu.

Goti halikurudi kama zamani. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na sasa hawezi kusimama kutwa. Tulitafuta kiti kirefu kama cha baa, akawa anakaa yeye, na mteja anakaa chini kwenye mto, kati ya miguu yake, mmoja umekunjwa na mmoja umenyooka. Kila alipokuwa anaunyoosha ule mguu kwa mikono nilikuwa naondoa macho. Yeye akaona. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, akaniambia niseme.

Nikasema yote. Habari ya mpasuo, habari ya ndege, jinsi nilivyotumia neno heshima kumshika, jinsi nilivyomwigiza mama magwinya. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Alinisikiliza anatenganisha nywele za bandia mafungu mafungu.

"Nani alipiga ile risasi? Weye?"

"Hapana."

"Weye njo ulileta ile gari ya maji?"

"Hapana, lakini…"

"Basi juu ya nini unataka kubeba zambi ya polisi? Wao wako wanalala muzuri, weye unalia nyuma ya rideau, ile pazia yako. Waachie zambi yao, mama fundi, ni yao. Sketi niliiomba miye. Nilikuwa mrembo ndani yake. Nilikuwa mrembo kabisa."

Nilisikia mzigo unashuka mabegani, kweli, na ningeishia hapo ningelala vizuri usiku ule. Lakini nilikuwa nimeanza kusema na sikujua kunyamaza.

"Na kukimbia? Uliniona nakimbia."

Vidole vyake vikasimama. Hakuniangalia mimi, aliangalia mvua mlangoni, mahali ambapo kreti la mama magwinya lilikuwa limefunikwa na nailoni.

"Ile," akasema, "ile ni ya kwako. Ile kaa nayo."

Akaendelea na nywele zake. Baada ya muda akaniomba nimpitishie chai, nikampitishia, tukanywa. Hajalitaja tena. Si mtu wa kinyongo, na hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa wa kinyongo ningepata pa kushika.

Mwaka huu, Mei, kamati ilirudi na majora. Kitenge kingine, cha kijani, kina ndege tena. Nadhani walifanya makusudi. Wanawake wengi safari hii walitaka sketi za marinda na wakasema waziwazi watavaa raba. Mama magwinya alisikia akapiga makofi. Rafiki yangu alisubiri wote wapimwe, ndipo akashuka kwenye kiti chake, akasimama mbele yangu na gongo.

"Miye, ile ile. Ikamate fasi zote."

"Hapana," nikasema. "Wewe hasa, hapana. Sikushonei."

"Utanishonea."

"Una goti bovu! Utakimbiaje?"

"Sitakimbia." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Kwetu nilikimbia, njo nikafika huku. Huku nikimbilie wapi? Nimemaliza kukimbia, mama fundi. Unishonee ya kutembea."

Nikamshonea. Lakini niliiba. Mshono wa nyuma, kuanzia gotini hadi chini, niliupiga bandi tu, uzi mmoja mlegevu ambao ukivuta kidogo unatoka wote, nikaufunika kwa pasi usionekane. Nilifikiri nimekuwa mjanja. Alipojaribu alikwenda moja kwa moja kuushika ule mshono kwa nyuma, kwa mikono miwili, namna ile ile niliyomwona siku ile, na ukamwachia mkononi. Tukatazamana kwenye kioo.

"Hii si kazi ya kwako," akasema.

Akaivua, akaiweka juu ya cherehani, akasimama pembeni yangu mpaka nikaanza. Niliushona. Nikapita mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, na mwisho nikarudisha sindano nyuma nikaufunga uzi. Mguu wangu ulikuwa mzito kwenye kanyagio kuliko siku yoyote.

Vipande vilivyobaki vilitosha sketi moja zaidi, nami nikajikatia. Siku ya uhuru wao nilifunga duka, nikaenda Newtown, na safari hii sikupanda kwenye njia ya miguu. Niliingia kwenye mstari wa wanawake. Baridi ilikuwa ile ile. Magari ya polisi yalikuwa yamejipanga mbele, kwenye robot ya kwanza tu. Rafiki yangu alinigeuza akanikagua, fundi akikaguliwa na mteja. Akaona raba zangu. Akaona nilivyoikata sketi yangu, pana, ya kuruka nayo mtaro. Akaingiza mkono kwenye mfuko niliouweka ubavuni akakutana na mkasi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kukukatia mshono."

"Na hii upana yote?"

Mkasi niliuweka kwa ajili yake, hilo naweza kuapa. Upana niliukata mkono wenyewe ukienda, na sijui ulikuwa kwa ajili ya nani. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Alihamishia gongo mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, mkono wa msusi uliozoea kuvuta, akanikamata hapa juu ya kiwiko.

Mbele wakaanza kuimba na mstari ukaondoka. Tukaenda naye, hatua za shibri moja moja, mimi nikifupisha zangu. Magari ya polisi yakawasha taa. Vidole vyake vikazidi kukaza, na kwa jinsi alivyonishika, upana wa sketi yangu ulikuwa hauna kazi tena.